Namba uliyopata inaonyesha ulipokosea: kutatua hesabu za ulinganifu wa bapa afini

Anayehesabu ulinganifu wa bapa afini la daraja la 3 anatakiwa kupata 432. Wanafunzi wanaoniletea madaftari yao hapa Mwanza huja na 8, 18, 48, 72 au 216, na wale wanaotumia kompyuta huja na 1 au 362,880. Namba hizi hazitokei ovyo. Kila moja ina kosa lake, na ukishazizoea unatambua kosa kabla hujafungua daftari. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata jibu ulilopata: tafuta namba yako, soma chanzo chake, kisha rudi kwenye hesabu.

Kwanza tukubaliane tunahesabu nini, maana nusu ya matatizo huanzia hapo.

Chukua akinamama tisa wanaonunua dagaa kwenye mwalo wa Kirumba. Kila asubuhi wanakodi kirikuu tatu kupeleka magunia Igoma, na kila kirikuu inabeba mizigo ya watu watatu. Wanataka ratiba ya siku nne ambayo kila mama atasafiri na kila mwenzake mara moja tu, isizidi wala isipungue. Tuwape namba na kuwapanga hivi:

1 2 3
4 5 6
7 8 9

Siku ya kwanza: 123, 456, 789.
Siku ya pili: 147, 258, 369.
Siku ya tatu: 159, 267, 348.
Siku ya nne: 168, 249, 357.

Ratiba hiyo ndiyo bapa afini la daraja la 3. Kila mama ni nukta, kila safari ni mstari, na safari tatu za siku moja ni mistari sambamba, kwa sababu hazina mtu wa pamoja. Nukta mbili zozote zina mstari mmoja tu unaozipitia. Ukichagua mstari na nukta iliyo nje yake, upo mstari mmoja tu unaopita kwenye nukta hiyo bila kukutana na ule wa kwanza. Bapa la daraja n lina nukta n², mistari n² + n, nukta n kwenye kila mstari, na "siku" n + 1.

Mgeuzo halali ni kuwagawia akinamama namba upya bila kuvuruga ratiba: kila safari ya zamani lazima igeuke safari iliyomo kwenye orodha ile ile ya 12. Safari ya Jumatatu inaweza kugeuka safari ya Alhamisi, hakuna ubaya. Ukifanya mgeuzo mmoja halali kisha mwingine, matokeo ni halali pia, na kila mgeuzo una wa kuutengua. Migeuzo hiyo yote kwa pamoja ndiyo kundi la ulinganifu wa bapa.

Kipimo cha pembetatu

Kabla ya kwenda kwenye dalili, shika kipimo hiki. Mimi naona kina thamani kuliko fomula yoyote ya kukariri.

Mgeuzo wa bapa la daraja la 3 unajulikana wote ukishajua unapeleka wapi nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja. Tuone kwa vitendo. Sema 1 anakwenda 5, 2 anakwenda 1, na 4 anakwenda 8. Sasa 3 hana uhuru tena: yeye ni wa tatu kwenye safari ya 1 na 2, kwa hiyo lazima aende kwa mtu wa tatu kwenye safari ya 5 na 1, yaani 9. Vivyo hivyo 7 ni wa tatu wa 1 na 4, basi anakwenda kwa wa tatu wa 5 na 8, ambaye ni 2. Mama 9 husafiri na 2 na 4, basi anakwenda kwa wa tatu wa 1 na 8, yaani 6. Mama 5 yuko na 1 na 9, ambao sasa ni 5 na 6, kwa hiyo anakuwa 4. Mama 6 yuko na 2 na 7, ambao sasa ni 1 na 2, anakuwa 3. Amebaki 8, aliye na 3 na 4, ambao sasa ni 9 na 8, anakuwa 7. Jaribu safari ambazo hatukuzitumia: 456 imekuwa 8, 4, 3, na 348 ipo siku ya tatu. 258 imekuwa 1, 4, 7, ipo. 369 imekuwa 9, 3, 6, ipo.

Basi hesabu inakuja yenyewe. Mama 1 ana sehemu 9 za kwenda, mama 2 ana 8 zilizobaki, na mama 4 anaweza kwenda popote isipokuwa kwenye mstari wa wale wawili, yaani sehemu 6. 9 × 8 × 6 = 432. Kwa bapa la kawaida la daraja q, lile linalojengwa kwa majiranukta (x, y), idadi ya pembetatu za mpangilio (nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, ikihesabiwa ipi ni ya kwanza, ya pili na ya tatu) ni q² × (q² − 1) × (q² − q). Kwa daraja la 2 ni 24, kwa 3 ni 432, kwa 5 ni 12,000, kwa 7 ni 98,784. Daraja la 4, 8 na 9 yana jambo la ziada, tutalifikia.

Umepata 8

Umehesabu ulinganifu wa mchoro. Mraba uliochorwa kwenye karatasi una mizunguko minne na akisi nne, na zote nane kweli ni migeuzo halali. Lakini bapa halijui kwamba limechorwa kwenye mraba. Mstari 267 kwenye mchoro umevunjika: 2 iko juu, 6 pembeni, 7 kwenye kona ya chini. Kwa bapa, mstari huo ni sawa kabisa na 123, hauna upindaji wowote. Funika mchoro na ufanye kazi na orodha ya safari 12 pekee.

Umepata 72

Hili ndilo kosa la mwanafunzi makini, na ninaliheshimu. Kijana mmoja wa chuo, anayekaa Nyegezi, aliniuliza: "Mwalimu, nimebadilisha safu mlalo kwa njia zote 6, safu wima kwa njia zote 6, kisha nimegeuza mlalo kuwa wima. Ni 72. Kimebaki nini?"

Kilichobaki ni siku ya tatu na ya nne. Yeye amekubali siku ya kwanza na ya pili zibadilishane, lakini amezifungia zisitoke nje ya jozi yao. Kumbe siku zote nne zina hadhi moja. Chukua mgeuzo huu: safu ya juu ibaki ilivyo, ya katikati isogee hatua moja, 4 awe 5, 5 awe 6, 6 awe 4, ya chini isogee hatua mbili, 7 awe 9, 8 awe 7, 9 awe 8. Siku ya kwanza inabaki palepale. 147 inakuwa 159, 258 inakuwa 267, 369 inakuwa 348. Siku ya pili yote imehamia ya tatu. 159 inakuwa 168, kwa hiyo ya tatu imekwenda ya nne. 168 inakuwa 147, na ya nne imerudi ya pili. Kwenye karatasi mgeuzo huu unaonekana kama kusukuma safu hovyo, lakini hakuna safari hata moja iliyoharibika.

Jozi za siku unazoweza kuchagua katika siku nne ni 6, na 72 × 6 = 432. Kijana yule alikuwa amehesabu sawasawa sehemu moja kati ya sita.

Umepata 18

Umedai kila siku ibaki siku ile ile. Hiyo ni migeuzo inayopeleka kila mstari kwenye mstari sambamba nao: uhamisho 9, yaani kusogeza nukta zote kwa hatua zile zile (ukiwemo ule usiohamisha kitu), na migeuzo 9 inayosimamisha nukta moja na kubadilishana nyingine mbili kwenye kila mstari unaopita hapo. Ni kundi halali na la maana sana, lipo ndani ya kundi kubwa, lakini si lote.

Namba hii ina faida nyingine. Gawanya 432 kwa 18, unapata 24, ambayo ndiyo idadi ya namna zote za kupanga siku nne. Maana yake kwenye daraja la 3 siku zinaweza kubadilishana vyovyote utakavyo. Usiichukulie kuwa kawaida, maana hali hiyo haidumu. Daraja la 5 lina siku 6, ambazo kwa jumla zina mipangilio 720, lakini migeuzo ya bapa inatoa 120 tu. Daraja la 7 lina siku 8, mipangilio 40,320, na bapa linakubali 336. Kama umeandika mgeuzo wa daraja la 5 unaobadilishana siku mbili na kuacha nne nyingine kama zilivyo, usitafute kosa dogo ndani yake, kwa sababu mgeuzo huo haupo. Atakayesimamisha siku tatu kwenye bapa hilo amezisimamisha zote sita.

Umepata 48

Umesahau uhamisho. 48 ni idadi ya matriksi za 2 kwa 2 (majedwali ya namba nne yanayogeuza majiranukta) zenye kinyume, kwa hesabu za moduli 3, yaani kubakiza baki tu baada ya kugawanya kwa 3, na matriksi peke yake haiwezi kuhamisha nukta (0, 0), ambayo hapa ni mama 1. Umehesabu migeuzo inayomwacha mama 1 mahali pake. Zidisha kwa sehemu 9 anazoweza kwenda.

Umepata 216

Hapa kuna njia mbili za kufika. Ya kwanza ni kosa: umekubali matriksi zenye ditaminanti 1 pekee (ditaminanti ni namba inayoonyesha kama matriksi ina kinyume; ikiwa sifuri, haina), pengine kwa mazoea ya hesabu za maeneo. Kwa moduli 3 ditaminanti inaweza kuwa 1 au 2, na zote zina kinyume. Ongeza nusu uliyoitupa.

Njia ya pili si kosa, ila ni kuhesabu kitu kingine. Mjerumani Otto Hesse aliandika mwaka 1844 kuhusu nukta tisa za mgeuko wa mchirizo wa daraja la tatu, ambazo zikitazamwa kwa namba changamano hukaa kwenye mistari 12 kwa mpangilio ule ule wa akinamama wetu. Mfaransa Camille Jordan mwaka 1877 aliliita kundi lake kwa jina la Hesse, na lina migeuzo 216. Nusu nyingine ya 432 haipatikani kwa migeuzo ya kawaida ya bapa changamano. Inahitaji pia kugeuza alama ya i, ile namba changamano ambayo mraba wake ni −1. Ukikuta 216 kwenye kitabu, angalia kama kinazungumzia nukta za Hesse. Kama ndivyo, kitabu kiko sahihi na wewe pia.

Kompyuta imetoa 1

Programu yako inalinganisha safari kama orodha zenye mpangilio. 258 ikigeuka 6, 7, 2 inaambiwa haipo, kwa sababu orodha inasema 2, 6, 7. Kwa vile kila watu wawili wako pamoja kwenye safari fulani, sharti la kutunza mpangilio linawabana wote, na mgeuzo pekee unaopita ni ule usiofanya kitu. Ndiyo maana huwezi kupata 2 wala 5 kwa kosa hili. Ni 1 kamili. Geuza kila safari iwe seti kabla ya kulinganisha. Kwenye Python, frozenset inatosha.

Kompyuta imetoa 362,880

Hiyo ni namna zote za kupanga watu tisa. Programu haikagui kitu. Mara nyingi sharti linaangalia kama safari mpya ina watu watatu tofauti, jambo ambalo ni kweli daima, badala ya kuangalia kama imo kwenye orodha. Kosa hili hujificha kwa wanaofanya majaribio kwenye daraja la 2: nukta 4, mistari 6, na kila jozi ya nukta ni mstari. Hapo mpangilio wowote ni halali, 24 kati ya 24, kwa hiyo programu isiyokagua chochote inatoa jibu sahihi. Siku zote jaribu programu kwenye daraja la 3 kwanza.

Ukigawanya 362,880 kwa 432 unapata 840, ambazo ni ratiba tofauti zinazoweza kuandikwa kwa akinamama hao hao tisa.

Kompyuta haimalizi

Umeipeleka programu ile ile kwenye daraja la 4. Namna za kupanga nukta 16 ni zaidi ya trilioni 20. Ukiiacha ifanye kazi usiku kucha, asubuhi utaikuta bado iko mwanzoni. Usinunue kompyuta nyingine. Badilisha njia: chagua nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, zipeleke kwenye kila pembetatu kwa zamu, na ujaze zilizobaki ukikagua mistari kila hatua, ukiacha mara tu inapogoma. Tahadhari: kwenye daraja la 4 na kuendelea nukta mbili haziamui nyingine moja, kwa sababu mstari una nukta nyingi zaidi. Programu lazima iruhusiwe kujaribu zaidi ya chaguo moja baada ya pembetatu kuwekwa. Ukiifungia kwenye chaguo moja, utaangukia kwenye tatizo la 2880 hapa chini.

Watu wawili wanakutana mara mbili, wengine hawakutani kabisa

Dalili hii hutokea kwenye daraja la 4, na chanzo ni kutumia moduli 4. Mstari y = 0 na mstari y = 2x zinakutana kwenye (0, 0), sawa; lakini ukiweka x = 2, 2x ni 4, ambayo kwa moduli 4 ni 0, kwa hiyo zinakutana tena kwenye (2, 0). Upande wa pili, (0, 0) na (2, 1) hazina mstari wowote, kwani hakuna m ambayo 2m inatoa baki 1. Ratiba imevunjika pande zote mbili.

Shida ni kwamba kwenye moduli 4 huwezi kugawanya kwa 2. Unahitaji namba nne ambazo kila isiyo sifuri ina kinyume chake, yaani fildi ya namba nne. Ziite 0, 1, a na a + 1. Sheria ni mbili tu: 1 + 1 = 0, na a × a = a + 1. Kutoka hapo, a × (a + 1) = a² + a = a + 1 + a = 1, kwa hiyo a na a + 1 ni kinyume cha mwenzake. Andika majedwali ya kujumlisha na kuzidisha kwenye karatasi moja, yabandike ukutani, na usiyatoke. Fildi za aina hii zipo pale tu idadi ya namba ni namba tasa au kipeo cha namba tasa: 2, 3, 4, 5, 7, 8, 9, 11 na kuendelea.

Umepata 2880, kitabu kinasema 5760

Hesabu yako ya 16 × 15 × 12 haina kosa. Umehesabu migeuzo yote ya aina ya "zidisha kwa matriksi kisha hamisha". Lakini bapa la daraja la 4 lina migeuzo mingine isiyoandikika hivyo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Chukua kila nukta (x, y) uipeleke (x², y²). Kwa namba za kawaida, kuweka mraba kunapinda mistari. Hapa hakupindi. Sababu ni kwamba (u + v)² = u² + 2uv + v², na kwenye fildi hii 1 + 1 = 0, kwa hiyo 2uv inapotea na kubaki u² + v². Kuweka mraba kunaheshimu kujumlisha, na kunaheshimu kuzidisha pia, basi mstari y = mx + c unakwenda kwenye mstari y = m²x + c². Nukta (0, 0), (1, 0) na (0, 1) hazitikisiki. Lakini (a, 0) inakwenda (a + 1, 0). Pembetatu yetu imesimama, bapa limesogea. Kwa hiyo kila pembetatu ina migeuzo miwili, si mmoja, na 2880 × 2 = 5760.

Angalia siku: bapa hili lina siku 5, ambazo ni miinamo 0, 1, a, a + 1, na wima. Mgeuzo wa kuweka mraba unabadilishana a na a + 1 na kuacha tatu nyingine. Migeuzo ya matriksi peke yake inatoa mipangilio 60 ya siku. Ukiongeza huu unapata yote 120. Ukihitaji kubadilishana siku mbili tu za daraja la 4, hakuna matriksi itakayokusaidia.

Kwenye daraja la 8 kuna migeuzo mitatu ya namna hii ukihesabu na ule usiofanya kitu, kwa hiyo 225,792 inakuwa 677,376. Kwenye daraja la 9 iko miwili, na 466,560 inakuwa 933,120. Daraja likiwa namba tasa hakuna nyongeza.

Nukta mbili zimeangukia mahali pamoja

Angalia ditaminanti, na uikague kwa moduli. Mfano wa daraja la 5: (x, y) inakwenda (x + 2y, 3x + y). Ditaminanti ni 1 − 6 = −5, na mwenye mazoea ya namba za kawaida anaona si sifuri, anapita. Kwa moduli 5 ni sifuri. Peleka nukta (1, 2): unapata (5, 5), yaani (0, 0), palepale ilipo (0, 0) yenyewe. Hakiki pia kwamba hujaandika nusu kama 0.5 popote, kwa moduli 5 kinyume cha 2 ni 3.

Migeuzo miwili mfululizo inatoa jibu lisilolingana

Mpangilio ndio chanzo. Mgeuzo Ax + b (A ni matriksi, x ni nukta, b ni uhamisho) ukifuatiwa na Cx + d unatoa CAx + Cb + d. Wengi huandika CAx + b + d, wakisahau kwamba mgeuzo wa pili unaugusa uhamisho wa kwanza pia. Rudi kwa akinamama, mama 1 akiwa (0, 0), mama 2 (1, 0) na mama 3 (2, 0). Hamisha kwa (1, 0) kisha zidisha kwa 2: mama 1 anafika kwa 2, halafu kwa 3. Zidisha kwanza kisha uhamishe: anaishia kwa 2.

Kosa hilo hilo huingia kwenye kutengua. Mgeuzo wa "zidisha kwa 2, ongeza (1, 0)" hautenguliwi na "zidisha kwa 2, toa (1, 0)". Lazima utoe kwanza, kisha uzidishe kwa kinyume. Ukifanya hesabu ya moduli 3 utagundua kwamba mgeuzo huu unajitengua wenyewe: 0 inakwenda 1, na 1 inakwenda 3, ambayo ni 0.

Unatafuta bapa la daraja la 6

Acha. Akinamama 36, sita kwa kila gari, siku saba, kila wawili wakutane mara moja: haiwezekani. Leonhard Euler mwaka 1782 alishuku jambo linalofanana na hili katika fumbo lake la maofisa 36 (wa vikosi sita na vyeo sita, wapangwe kwenye mraba bila kikosi wala cheo kujirudia kwenye safu), na Mfaransa Gaston Tarry alilithibitisha mwaka 1901 kwa kupitia hali zote kwa mkono. Mwaka 1949 wanahisabati Bruck na Ryser walitoa kanuni pana: daraja likigawanywa kwa 4 na kubakiza 1 au 2, lazima liwe jumla ya namba mraba mbili. 6 inabakiza 2 na si jumla ya namba mraba mbili, kwa hiyo imetoka. 14 imetoka pia. 10 ni 9 + 1, inapita kanuni hiyo, lakini Lam, Thiel na Swiercz walionyesha mwaka 1989 kwa kompyuta kwamba nayo haipo. Ya 12 bado haijaamuliwa na mtu yeyote duniani. Mwenye watu 36 afadhali aongeze mpaka 49.

Umepata 311,040 kwenye daraja la 9

Ikiwa ulijenga bapa kwa fildi ya namba tisa, ulitakiwa kupata 933,120, na hapa una theluthi yake kamili. Yaelekea hukutumia fildi. Hadi daraja la 8, kila daraja lenye bapa lina bapa moja tu, hata likiandikwa kwa sura tofauti. Daraja la 9 lina mabapa afini saba yasiyofanana. Veblen na Wedderburn walionyesha mwaka 1907 kwamba yapo yasiyotokana na fildi, na Marshall Hall mwaka 1943 alieleza familia nzima ya namna hiyo. Bapa afini la Hall la daraja la 9 lina migeuzo 311,040.

Kagua jedwali lako la kuzidisha. Kama x(y + z) ni xy + xz lakini (y + z)x inagoma kuwa yx + zx, umejenga bapa la Hall au ndugu yake. Halafu kumbuka kwamba kipimo cha pembetatu, kwa namna tulivyokitumia, hakifanyi kazi hapo. Pembetatu za mpangilio kwenye nukta 81 ni 466,560, nyingi kuliko migeuzo yenyewe, kwa hiyo zipo pembetatu ambazo hakuna mgeuzo wa bapa hilo unaoweza kuzipeleka kwa nyingine. Programu inayochukua pembetatu moja, ikahesabu migeuzo inayoisimamisha, kisha ikazidisha kwa idadi ya pembetatu zote, itatoa jibu lisilo sahihi. Ipeleke pembetatu kwenye kila nyingine, moja baada ya nyingine, na uhesabu zinazokubali tu.